Mkutubi kukaa ndani ya grupu la WhatsApp la wanafunzi: hii ni kazi ya maktaba au siyo? Naambiwa nirudi kaunta

dada_wa_kaunta ameandika:

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa walionitangulia. Naombeni mawazo yenu maana wiki nzima hii silali vizuri.

Mi ni mkutubi, nimesoma SLADS, kile chuo cha ukutubi pale Bagamoyo, nina miaka tisa kazini. Nipo chuo kimoja cha afya huku Nyanda za Juu Kusini, jina naomba nisilitaje. Tuna wanafunzi wa bweni na tuna wale wa masafa, yaani manesi walioko kazini kwenye zahanati na vituo vya afya wanajiendeleza kutoka cheti kwenda diploma, wanakuja chuoni wiki chache halafu wanarudi vituoni kwao. Hawa wa masafa ndo kisa chenyewe. Maktaba hawaonekani, na wataonekanaje wakati mmoja yuko Ludewa, mwingine Chunya ndani ndani huko, mwingine yuko kijiji ambacho basi linapita mara mbili kwa wiki.

2021 mwalimu wa magonjwa ya watoto akaniunga kwenye grupu lao la WhatsApp, akaandika tu "huyu ni mkutubi wetu, mwenye shida ya vitabu amuulize". Nikajua ni jambo la siku mbili. Leo niko kwenye magrupu manne, ukijumlisha watu wanapita mia tatu, na kusema kweli nimeijua kazi yangu humo kuliko miaka yote niliyokaa kaunta.

Niwape mfano. Mtu anaandika "naomba PDF ya kitabu cha watoto". Zamani ningemrushia kitabu kizima, kurasa mia tisa, bando lake liishie hapo. Siku hizi nauliza kwanza, unaandika nini, swali la mwalimu linasemaje, au una mtoto mbele yako hapo kituoni? Kuna dada mmoja tulienda naye hivo hivo kama dakika kumi, kumbe alichokuwa anatafuta ni kwa nini mtoto wa chini ya miezi sita anayeharisha anapewa zinki miligramu 10 na aliyevuka hapo anapewa 20, basi. Nikamtumia kurasa mbili na nikamwonyesha mahali pa kujisomea mwenyewe. Angekuja dirishani akaomba kitabu cha watoto ningempa kitabu cha watoto, akaondoka nacho, na nisingejua kamwe alikuwa anatafuta nini.

Kingine ndo kilinitisha kabisa. Kuna faili lilikuwa linazunguka kwenye grupu limepewa jina "STG MPYA", ule mwongozo wa matibabu wa wizara. Nikalifungua, ni toleo la 2017, na wakati huo la 2021 lilishatoka muda tu. Watu wamelipakua, wanalitumia kazini kwa wagonjwa. Nikaweka la 2021 kutoka tovuti ya wizara, nikaeleza namna ya kuangalia mwaka kwenye kurasa za mwanzo kabla ya kuamini jina la faili, nikalibandika pale juu. Sasa niambieni, kama nisingekuwa mle ndani ningejuaje? Hakuna mtu angefunga safari kuja maktaba kuniuliza kama faili lake ni la zamani, maana hajui kama ni la zamani.

Sasa shida. Mwaka huu tumepata kiongozi mpya, yeye anaangalia daftari la mlangoni, wanaosaini wamepungua, na akipita ananikuta nimeshika simu. Ameniita ofisini akaniambia mkutubi hachati saa za kazi, nijitoe kwenye magrupu nirudi kaunta. Nimejaribu kueleza nikajikuta nababaika, maana hata mimi mwenyewe sina jina la hii kazi, kwenye barua yangu ya ajira haimo. Na niseme ukweli mwingine, nimechoka, meseji zinaingia saa tano usiku, Jumapili niko kanisani simu inatetemeka.

Hii ni kazi ya ukutubi au nimejitwisha tu mzigo? Na wenzangu mnaofanya hivi mnajitetea vipi?

---

rafu_za_bonde amejibu:

Dada pole sana, na usijitoe kwanza. Mimi niko Kenya, chuo kikuu upande wa Bonde la Ufa, hii kazi nimeifanya tangu korona ya 2020, nilianza na Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, halafu Telegram halafu WhatsApp kwa sababu huko ndiko makomredi, yaani wanafunzi, wako.

Kitu ya kwanza, ujue hujabuni chochote. 1971 kule Kansas City, shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Missouri, kulikuwa na mkutubi anaitwa Gertrude Lamb, yeye aliona madaktari hawaji maktaba, akawatoa wakutubi akawapeleka wodini, wanatembea kwa raundi kitanda hadi kitanda, daktari akikwama kwa swali mkutubi anaandika, anaenda kutafuta makala, anarudi nayo. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Halafu 2003 vita ya Iraki ilipoanza, waandishi wa habari walikuwa wanasafiri na kulala pamoja na vikosi vya Marekani, hapo ndipo lile jina la "mtu aliyepachikwa ndani" likasikika kila mahali, na mwaka uliofuata Barbara Dewey akalitumia kuandika juu ya wakutubi wa vyuo vikuu wanaotoka ndani ya jengo na kwenda kukaa na wale wanaowahudumia. Kwa Kiswahili mimi husema mkutubi wa humo ndani. Kwa hivyo ukiitwa ofisini tena usiseme "huwa nachati na wanafunzi", sema hii ni huduma ya maktaba, ina historia, na ilianzia kwa watu wa afya kama hawa wako.

Sasa hiyo maneno ya daftari la mlangoni. Bosi wako si mtu mbaya, anahesabu kile anaona. Wewe mpe kingine cha kuhesabu. Mimi nina Excel, kila swali nikimaliza naandika tarehe, kozi, swali vile liliulizwa, swali vile lilikuja kuwa, nilijibu na nini, na dakika ngapi. Jina la mwanafunzi siandiki. Hizo kolamu mbili za katikati ndizo tamu, swali vile liliulizwa na vile lilikuja kuwa, kwa sababu hapo ndipo mtu yeyote anaona kazi iko wapi. Ule mfano wako wa zinki ni mstari mmoja kwa Excel lakini ukimsomea mtu anaelewa mara moja. Mkuu wangu wa idara alikuwa mgumu kama wako, nilimsomea mistari ishirini tu mezani pake, hakuniuliza tena juu ya simu.

Juu ya uchovu, hapo umekosea kidogo dada na wacha nikwambie kwa upendo. Ukijibu kila kitu ndani ya dakika mbili saa tano usiku umewafundisha kukungoja. Mimi nimeandika kwa maelezo ya grupu kwamba niko saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku za wiki. Usiku wanaulizana wenyewe na asubuhi nakuja kuangalia kama walijibiana vizuri, mara nyingi wamejibiana, na nikikuta mtu amemwelekeza mwenzake mahali pazuri namshukuru mbele ya wote. Na video fupi ya skrini, dakika moja, namna ya kutafuta, hiyo imenipunguzia maswali kuliko kitu chochote.

Mwisho, ongea na walimu wakupatie asaimenti kabla ya wanafunzi. Ukijua Jumatatu watapewa kazi ya shinikizo la damu, Ijumaa ushatayarisha makala tatu nyepesi. Bila hivyo utakuwa unazima moto tu kila siku.

---

mwl_wa_jioni amejibu:

Naomba nitofautiane kidogo na mchangiaji wa hapo juu, kwa heshima. Mimi nafundisha, siyo mkutubi.

Mwalimu mwenzangu alipokuunga dada, aliwauliza wanafunzi? Grupu la wanafunzi ni kibaraza chao. Pale wanalia, wanamsema mwalimu, mtu anaeleza amefeli sapu, mwingine ana mimba anaogopa kusimamishwa masomo. Siku mtumishi wa chuo anapoingia, hata akiwa na nia njema kama malaika, kile kibaraza kimekufa, na wao watafungua kingine bila yeye. Nimeshaliona hili mara tatu. Na mbaya zaidi ni wale wasiojua kama mtumishi yupo, grupu lina watu mia moja, nani anasoma majina yote? Anaandika jambo lake zito akidhani anaongea na wenzake.

Na hilo daftari la maswali, sawa jina halimo, lakini kwenye kozi yenye watu kumi na wawili ukiandika "nesi wa zahanati fulani aliuliza kuhusu dawa za kufubaza virusi" si umeshamtaja? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, wengi tunaichukulia ni ya mabenki na makampuni ya simu, siyo kweli.

Sisemi kazi yake haina maana, ile habari ya STG imenigusa sana. Nasema wanafunzi waulizwe kwanza.

---

dada_wa_kaunta amejibu:

Mwalimu asante, hili lilikuwa halijanipita akilini hata kidogo na limeniuma kwa sababu ni kweli, sikuwahi kuuliza. Kuna mara mbili nimesoma mambo mle ambayo haikuwa haki yangu kuyasoma. Kesho naandika kwenye magrupu yote manne niseme mimi ni nani, nafanya nini, na kama wengi hawanitaki nitoke, wafungue lingine la maswali ya maktaba tu. Naomba wengine muendelee.

---

Mswahili_wa_Illinois amejibu:

Salaam ndugu zangu. Mimi mtu wa Tanga, nipo Marekani jimbo la Illinois tangu 2004, nimesomea ukutubi hukuhuku. Nimesoma uzi huu nikakumbuka mambo ya karibu miaka ishirini nyuma, naomba niyaeleze kwa urefu kidogo kwa sababu naona dada yetu anapita njia ileile sisi tuliyopita, ila yeye kaanza mahali pazuri zaidi.

Mnaikumbuka Second Life? Ule ulimwengu wa kompyuta wa kampuni ya Linden Lab, ulifunguliwa 2003, unaingia unajitengenezea mwili wa kikatuni, avata, unatembea, unaruka angani, unanunua kiwanja. Mwaka 2006 walikuwa wanauongelea kila gazeti. Huku Illinois ya kati kulikuwa na umoja wa maktaba unaitwa Alliance Library System, ofisi zao East Peoria, wakasema watu wakihamia huko na maktaba ihamie. Wakaanzisha kisiwa humo ndani, wakakiita Info Island. Wakutubi kutoka nchi nyingi wakajitolea, na mimi mwanafunzi nikachukua zamu ya kukaa kaunta, avata yangu imevaa kanzu, imekaa nyuma ya meza, inasubiri watu.

Tulijenga majengo ya kupendeza sana. Rafu, vitabu vya kubofya, viti vya kukalia, chemchemi ya maji mlangoni. Na watu walikuja, siwezi kusema hawakuja, ila kwenye zamu zangu wengi waliniuliza namna ya kubadili nguo, namna ya kuruka, wapi kuna muziki. Swali la maktaba hasa nilikuwa napata moja, siku nyingine hakuna. Tulikuwa tumechukua kaunta kama ilivyo tukaiweka baharini kwenye kompyuta, halafu tunashangaa watu hawaijii. Umesimamisha jengo kwenye ulimwengu ambao mtu anaweza kuruka popote, kwa nini aje kwako?

Kilichofanya kazi ni kingine. Palikuwa na mradi wa pembeni, HealthInfo Island, ulipata fedha za maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, National Library of Medicine. Wale wakajenga pia lakini wakafanya jambo la ziada, wakatoka kwenda kwenye vikundi vya watu. Ndani ya Second Life kulikuwa na vikundi vya wagonjwa na watu wenye ulemavu wanaokutana kupeana moyo, wengine kutoka nje ya nyumba kwao ni taabu kubwa, na pale ndani anasimama, anacheza ngoma, ana marafiki. Nikafuatana na mwenyeji wangu mmoja kwenye vikao vya kikundi kama hicho. Vikao vitano sikuulizwa kitu chochote, nilisalimia, nikasikiliza, nikaaga. Cha sita mama mmoja akanivuta pembeni kwa meseji ya faragha, akaniuliza dawa aliyobadilishiwa na daktari wake ina madhara gani na kwa nini yale aliyoyakuta mtandaoni yanapingana. Tulikaa saa nzima. Sikumwambia anywe au aache, hiyo siyo kazi yangu, nilimsaidia kupata karatasi mbili zinazoaminika za kupeleka kwa daktari wake na kuyapanga maswali ya kumuuliza. Kuanzia hapo kila kikao nilikuwa na watu wawili watatu.

Nimetoa hiyo hadithi kwa sababu ya yale aliyosema mwalimu. Yule mama asingeniuliza mbele ya watu, na asingeniuliza kikao cha kwanza. Na wote pale walijua mimi ni mkutubi, nilikuwa nimeandikwa juu ya kichwa changu jina na kazi yangu, maana Second Life inaonyesha kibandiko juu ya avata. WhatsApp haina kibandiko cha juu ya kichwa namna hiyo, kwa hiyo dada jitangaze wewe mwenyewe, mara kwa mara, kila wanapoingia wapya.

Jambo la pili, na hili naomba ulichukue kwa uzito. Yale mambo yetu yalipungua nguvu. Fedha za miradi huisha, watu wakahamia kwenye mitandao mingine, na Alliance yenyewe 2011 ikaunganishwa na mifumo mingine kadhaa ya maktaba za Illinois. Waliobaki ni wenye mapenzi, kuna wakutubi wa kujitolea wanaendesha maktaba humo ndani hadi leo na nawavulia kofia. Ila utaona kazi ilikuwa imebebwa na watu wachache kwa nguvu zao, haikuandikwa kwenye ajira ya mtu. Ukiumwa wewe wiki mbili magrupu manne yanabaki na nani? Ukihamishwa je? Usipigane ubaki kwenye grupu tu, pigana kazi iandikwe, saa ngapi kwa wiki, nani msaidizi wako, simu na bando ni vya nani. Au bando unanunua mwenyewe mpaka leo?

---

dada_wa_kaunta amejibu:

Kaka nashukuru mno. Bando ni langu, simu ni yangu. Nilikuwa hata sijaliona kuwa ni tatizo.

---

nesi_wa_zamu amejibu:

Mimi siyo mkutubi, ni nesi, nasoma kwa masafa kama hao mnaowasema, siyo chuo cha huyu dada ila nadhani tunafanana. Naomba mnisikilize na sisi.

Zahanati yetu tuko wawili. Mtandao unashika ukipanda kilimani karibu na mnara, au usiku wa manane ukikaa dirishani upande mmoja wa nyumba. Nikisema nitasoma, nasoma saa sita usiku mtoto akishalala. Maktaba ya chuo niliiona siku ya kwanza wakati wanatutembeza, nzuri, ina feni, sijarudi tena kwa sababu wiki zile za kuja chuoni ni vipindi asubuhi mpaka jioni. Ada yangu imo ndani ya ile feni na vile viti. Kwa hiyo mtu akisema mkutubi akikaa kwenye grupu anapoteza muda wa maktaba, mimi nauliza maktaba ni ya nani?

Kwetu tuna mkutubi mmoja anafanya hivi na alinifundisha kitu kimoja nimekishika mpaka leo. Nilikuwa naandika kwenye Google sentensi nzima ya asaimenti, nikawa napata blogu za watu wanaouza dawa. Akaniambia chukua maneno mawili makubwa tu, yageuze Kiingereza, ongeza Tanzania, halafu angalia nani kaandika. Alinieleza hayo kwa voisi ya sekunde arobaini, niliisikiliza nikiwa natembea kwenda kazini.

Ila kuna jambo baya lilitokea kwetu, mlitazame. Kuna ile huduma ya majarida ya bure ya Research4Life, ile sehemu ya afya inaitwa Hinari, iko tangu 2002, nchi maskini kama yetu taasisi zinaingia bila kulipa. Chuo kina paswedi yake. Mwenzetu akaiweka kwenye grupu, kwa wema kabisa, mwingine akaforwadi kwenye grupu la ukoo wao maana wana mtoto anasoma chuo kingine, ikafika sijui wapi, wiki haijaisha tukaambiwa chuo kimefungiwa maana kuna watu wanapakua mamia ya makala kwa mpigo. Mwezi mzima hatukuwa na kitu na ulikuwa mwezi wa propozo. Hakuna aliyekuwa ametueleza kwa nini ile paswedi haitolewi nje. Mkutubi angekuwemo siku ile angeifuta dakika ileile na kutueleza.

Na tafadhali, mkituma mafaili yawe madogo. MB 40 kwangu ni siku tatu za chakula cha simu.

---

rafu_za_bonde amejibu:

Dada nesi umeongea. Hiyo ya paswedi iko kila mahali, hata kwetu. Mimi siku hizi sitoi paswedi kwa grupu kabisa, mtu ananiandikia pembeni, namtumia na masharti, na nikiona imetokea mahali nabadilisha siku hiyo hiyo. Na yule anataka makala moja tu, na masharti yanakubali, namtafutia hiyo makala moja. Pia kuna yale majarida ya Afrika, AJOL, iko tangu 1998, mengi mle ni ya bure kusoma bila paswedi yoyote na yana mambo ya hospitali zetu wenyewe. Watu wanaruka hapo wanakimbilia majina makubwa ya ng'ambo, halafu wanaandika tasnifu ya malaria ya Kilifi bila kusoma mtu aliyefanya kazi Kilifi.

---

mhariri_wa_usiku amejibu:

Naongeza kidogo kutoka upande mwingine. Mimi nahariri Wikipedia ya Kiswahili, ipo tangu 2003, sisi siyo wanafunzi, hatuna bosi, ni watu tu wa kujitolea kutoka kila mahali. Kila mwaka kuna kampeni ya #1Lib1Ref, ilianza Januari 2016 wakati Wikipedia inatimiza miaka 15, wakutubi duniani wanaombwa kila mmoja aongeze walau rejeo moja kwenye makala. AfLIA, ule umoja wa maktaba za Afrika wenye makao Accra, nao wamekuwa wakifundisha wakutubi wa bara letu kuhariri.

Kwetu mkutubi hatambulishwi na mwalimu. Anaingia kama mgeni yeyote, akikosea anafutwa kama yeyote. Wengine wanaumia wakifutwa, wanasema mimi ni mtaalamu. Lakini waliokaa, wakajifunza namna tunavyobishana kwenye kurasa za majadiliano, wakauliza kabla ya kubadili, hao wamekuwa nguzo. Kuna mmoja alichukua makala zetu za wilaya akaanza kuzitafutia vitabu na ripoti za sensa moja baada ya nyingine, taratibu, usiku baada ya usiku. Namba za watu zilizokuwa zinaelea hewani sasa zina mahali pa kushika. Kampeni ni wiki tatu tu, inaanza Januari 15 inaisha Februari 5, na nyingine Mei. Tunashukuru wanaokuja kwa wiki tatu, lakini tunamhitaji zaidi anayebaki Machi na Aprili.

Kwa hiyo dada ukiona kwenye magrupu watu wanajibiana wenyewe na wewe huonekani sana, usihuzunike, hapo ndo unaelekea pazuri.

---

dada_wa_kaunta amejibu:

Wakuu nimerudi, samahani nimekaa kimya wiki tatu, nilitaka nije na kitu mkononi.

Kwanza nilifanya alichosema mwalimu. Niliandika kwenye magrupu yote manne, mimi ni mtumishi wa chuo, nasoma kila mnachoandika hapa, mnataka nibaki? Grupu moja walisema wazi kwamba wanaomba nitoke, nikatoka siku hiyohiyo, nikafunguliwa jingine la maswali ya maktaba tu, na karibu wote wamehamia na huko pia. Mawili walisema baki. La nne hakuna aliyejibu, hapo nimetoka mwenyewe maana ukimya sikuutafsiri kuwa ni ruhusa. Mwalimu, nilidhani itaniuma, haikuniuma. Kwenye lile jipya maswali yamekuwa mengi kuliko zamani, na wananifuata pembeni kwa mambo ambayo zamani hawakuniuliza, kama yule mama wa Second Life.

Pili nimefanya Excel. Jina sina, kituo sina, kozi nimeziunganisha mbili mbili ili mtu asijulikane. Wiki tatu maswali 61. Nilichagua kumi na tano nikayachapa kwa herufi kubwa, nikaomba nafasi ofisini. Nilisoma lile la zinki, lile la STG, na moja la juzi, nesi alikuwa ameletewa karatasi na ndugu wa mgonjwa inayosema chanjo inaleta usonji, akataka kujua atawajibu nini kwa upole. Nikamtafutia historia yake, makala ya Wakefield ya 1998 kwenye jarida la Lancet, na namna jarida lenyewe lilivyoiondoa 2010, kwa lugha nyepesi ya kumsomea mama barazani. Kiongozi alikaa kimya muda, akaniuliza huyo nesi yuko wapi, nikamwambia sisemi, na nikaeleza kwa nini sisemi. Akatikisa kichwa kukubali.

Hajakubali yote. Ameniambia asubuhi kaunta, mchana saa nane mpaka saa kumi magrupu, mpaka mwisho wa muhula, halafu tutaangalia. Bando ameniambia niandike barua ya maombi, nimeandika jana, sijajibiwa. Kuhusu kuiweka kwenye ajira amesema hilo liko juu yake, lakini ameomba lile faili la Excel alipeleke kwenye kikao, na ameniomba nimweleze vizuri ile habari ya yule mama wa Kansas City, kwa hiyo kaka wa Bonde la Ufa ukipata nafasi niandikie hapa kolamu zako zote jinsi ulivyozipanga, ili ninachompa kisiwe na mapengo.

Nesi wa zamu, nimeanza kukata mafaili, hakuna linalozidi MB 2 sasa hivi, na yale marefu nayagawa sura kwa sura. Ukiwa na mkutubi wenu hapo mwambie aje kwenye uzi huu, nataka kumuuliza anarekodi vipi zile voisi fupi, zangu zinafika dakika nne.